Masika ya Mkono wa Kulia

Jumapili, 2 Machi

Kichwa changu kimejaa maneno ya hospitali, na nisipoyamwaga mahali kitapasuka. Nayamwaga hapa.

Ijumaa asubuhi mume wangu alikuwa anakata koti kwenye meza ya kukatia, mimi niko kwenye cherehani natia bitana. Ndivyo tunavyofanya kazi tangu tuoane, yeye hukata, mimi hushona. Nikasikia mkasi umeanguka. Fundi haangushi mkasi. Nikageuka nikamwona ameng'ang'ania ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, mdomo umekwenda upande, ananitazama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikamuuliza, "Una nini?" Akasema, "Haya." Nikamuuliza anaumwa wapi. "Haya." Kisha miguu ikamwisha nguvu.

Ni kiharusi. Donge la damu limeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono wa kulia umelala na maneno yamepotea yote, limebaki hilo moja. Tulimfikisha mapema, wakampa dawa ya kuyeyusha donge. Wanasema ataishi. Nikauliza, na mkono? Daktari akasema tusubiri.

Wao wanaweza kusubiri. Hata majirani hawakumbuki jina alilopewa na wazazi wake, kila mtu anamwita Fundi, na ufundi wote uko katika ule mkono. Usiporudi, sijui ataamka asubuhi awe nani.

Jumatatu, 3 Machi

Homa. Amelala tu. Wanasema ubongo umeanza kuvimba.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimegombana na daktari, kisha nimempenda. Ni mwanamke mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni, anaongea taratibu kama mtu anayepima kitambaa cha bei.

Nilimkuta kwenye ukumbi nikamwambia, "Donge mmeliyeyusha. Kwa nini anazidi kuwa mbaya?"

Akanikalisha kwenye benchi. "Mama, ubongo una walinzi wake. Ni chembe ndogo sana za kinga, zinaishi humo humo, kazi yake ni kuzunguka zikiangalia kilichoharibika. Sasa kipande kimoja kimekosa damu, kimekufa. Walinzi wamepiga mbiu, na wenzao walioko kwenye damu wameitika, wameingia. Wakiingia wanaingia na fujo. Wanamwaga kemikali zao, panavimba, na hata chembe za jirani ambazo zingepona zinaumia."

"Basi wafukuzeni! Dawa za uvimbe si zipo?"

"Zipo. Zile kali za kuzima kinga zimejaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi kama hiki, hazikuwasaidia. Na hebu sikia, walinzi hao hao, siku zikipita, wengi hubadili kazi. Wanakula mabaki ya chembe zilizokufa, wanasafisha, wanatoa vitu vinavyozisaidia chembe zilizobaki kuungana upya. Ukiwafukuza wote, nani atafagia?"

"Na mnajuaje kwamba wameacha kuvunja, wameanza kufagia?"

Akavua miwani, akaiacha ikining'inia. "Kwa mgonjwa mmoja mmoja, bado hatujui vizuri. Watafiti wanahangaika na swali hilo hilo. Sisi tunamlinda asipungukiwe hewa wala maji, sukari na presha visipande, na tunamwangalia."

Nimekwenda hospitali nyingi maishani, sijawahi kumsikia daktari akisema hajui. Nilimheshimu hapo hapo. Kisha nikaenda chooni nikalia kwa hasira, maana mimi nilitaka anayejua.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi yangu amefika.

Ni dada yake mkubwa Fundi. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na watoto walimpa jina la Kengele kwa sababu akiita chakula kiko tayari hata wa chuo cha jirani walisikia. Ameingia wodini leo na sauti ile ile. "Mdogo wangu! Fumbua macho, dada yako nimekuja!" Mgonjwa wa kitanda cha tatu akaamka akidhani ni yeye. Muuguzi akamwomba apunguze sauti. Akasema ameshapunguza.

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumjua wifi yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Homa imeshuka. Amenitazama akanijua. "Haya," akasema, na hiyo haya nimeielewa.

Ijumaa, 14 Machi

Tumerudi nyumbani. Chumba cha kulala ni chembamba, kiti cha magurudumu hakigeuki, kwa hiyo kitanda chake tumekiweka karakana, kati ya cherehani na meza. Wifi amepanga yote. Amesogeza sanduku la vitambaa, ametundika chandarua kwenye msumari wa rula yangu, na nilipotoka jikoni nikakuta sufuria ya moto juu ya meza ya kukatia.

Nikamwambia, "Wifi, hapo hatuweki hata glasi ya maji."

"Meza ni meza, wifi. Au hii ilisomea?"

Fundi aliitazama ile sufuria. Sijamwona akitazama kitu kwa uchungu vile tangu aanguke. Nikaiondoa mimi. Chini yake kumebaki duara jeupe.

Jumatano, 19 Machi

Mvua usiku kucha, mchana kutwa. Hana anachoweza kufanya peke yake, na mimi siwezi kumwona anahangaika na kifungo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemaliza! Wiki nzima sijashona cha mteja, nimemshonea mume wangu. Mashati yote nimetoa vifungo nikatia utepe wa kunata, anafunga kwa mkono mmoja. Suruali zote nimetia mpira kiunoni. Mifuko ya kulia nimeihamishia kushoto. Viatu vya kamba nimevishonea ulimi wa kubandika. Hata taulo nimelitia kitanzi cha kuvutia kwa kushoto. Amevaa shati mwenyewe asubuhi hii, dakika moja tu, na amenishika shavu. Nimejisikia fundi kuliko siku zote za maisha yangu.

Jumatatu, 24 Machi

Hospitali imetuletea mtaalamu wa mazoezi, atakuwa anakuja nyumbani. Kijana mrefu, mpole, neno lake ni moja. Inua. Tena. Sukuma. Tena. Wifi ameshambatiza Bwana Tena.

Alipomaliza nikamwonyesha mashati yangu kwa mbwembwe. Akayageuza, akavuta utepe, akaangalia mishono.

"Mama, kazi safi sana. Sijawahi kuona nyumba imeshonwa hivi."

Nikatabasamu mpaka masikioni.

"Sasa niambie, mkono wa kulia umebakiziwa kazi gani humu ndani?"

Nikaliangalia lile shati mikononi mwake. Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani, akanieleza bila kunipandishia sauti. Anasema uvimbe ukishapungua na walinzi wakishasafisha sehemu iliyokufa, ubongo unakuwa kama kiwanja kilichofyekwa. Chembe zilizobaki zinatafuta pa kupita, na kinachozionyesha njia ni matumizi. Mkono ukitumika, hata vibaya, njia inakanyagwa. Usipotumika, ubongo unajifunza kwamba hauhitajiki, na majani yanaota tena. Na wakati mzuri kuliko wote ni hii miezi ya mwanzo.

"Kwa hiyo nimemharibu," nikasema.

"Umempenda kwa sindano, mama. Nyumba nyingine wanampenda kwa kijiko, wanamlisha mpaka anasahau njia ya mdomo."

Alipotoka nilimwambia wifi kwamba kijana yule hana adabu. Wifi hakujibu. Jambo hilo peke yake lilitosha kuniambia nani ana makosa.

Jumanne, 25 Machi

Nimeamka nikakuta wifi amebandua tepe zote na ameshona vifungo. Vifungo vya kila rangi, uzi mweusi kwenye shati jeupe, fundo nyuma kubwa kama punje ya mahindi. Nimelia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba amefanya sawa. Ya pili ni yale mafundo.

Alhamisi, 27 Machi

Bwana Tena anasema kuna mtindo wa kuufunga mkono mzima kwa saa kadhaa mchana, ili ule mgonjwa ulazimike. Wengine wanavaa glovu nene. Nikasema glovu niachie mimi.

Nimeshona mfuko wa mkono wa kushoto, nje kitambaa cha koti, ndani bitana laini usimkwaruze. Kwenye kifundo cha mkono nimetia kifungo kimoja kikubwa cha koti la mvua, na tundu lake nimelikata pana. Kifungo hicho hawezi kukifungua kwa mkono ulio ndani ya mfuko. Akitaka kutoka, afungue kwa wa kulia.

Bwana Tena alipouona alicheka peke yake, kisha akaniomba nimshonee na mwingine wa mgonjwa wake wa mtaa wa pili.

Fundi hakucheka. Nilipomvisha aliniangalia kama nimemuuza.

Jumatatu, 31 Machi

Hataki kunitazama. Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Leo kumevunjika sahani na nyumba imeshangilia.

Wifi alimwekea chai ya asubuhi, mkate upande wa kulia, kushoto kuna mfuko. Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu, maana inajiendea yenyewe kumsaidia. Fundi akaangalia mkate. Akasema, "Haya," ile ya kuomba. Wifi akasema, "Haya yako nimeisikia. Mkono huo hapo."

"Haya!"

"Mdogo wangu, ulipokuwa na miaka sita ulikataa kuoga, nikakaa na wewe kwenye beseni mpaka jua likazama. Unadhani nimezeeka?"

Akakasirika. Macho yakawa mekundu, mishipa ya shingo imemtoka, na kutoka begani mkono wa kulia ukaja, mzito, wote kwa pamoja, ukaipiga sahani ikaruka mpaka chini ya cherehani. Mvua ilikuwa inapiga bati, hatukusikia hata mvua.

Kisha Kengele akalia kama jina lake. "Kasukuma! Wifi, umeona? Kasukuma!" Akaenda kabatini akamletea sahani nyingine. "Vunja na hii!"

Fundi alitazama mkono wake mezani, akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka. Mdomo bado umekwenda upande, kwa hiyo kicheko nacho kimekwenda upande, ni kizuri vile vile.

Jumamosi, 5 Aprili

Bega, kiwiko. Vidole hapana.

Jumatano, 9 Aprili

Kidole gumba kimegusa cha shahada. Bwana Tena: "Tena." Kimegusa tena.

Jumapili, 13 Aprili

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa tunavyo viwili. Ameshika kipande cha chaki, kimekaa, kimeanguka. Ameokota kwa kushoto kabla hatujamwona. Tumemwona.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimekata.

Wateja hawatangoja mpaka masika yaishe, na mimi si mjinga, nimemwona akikata maisha yangu yote. Lakini kuona na kushika mkasi ni mambo mawili. Mshono ukikosea unarudia. Kitambaa kikikatwa vibaya kimekatwa. Nilichora, nikafuta, nikachora. Fundi alikaa kitandani ananiangalia, na nilipoweka mkasi alivuta pumzi kama mtu anayeingia maji baridi. Suruali moja tu, ya kazini, ya mlinzi wa benki. Imetoka suruali.

Jumanne, 22 Aprili

Kuna kitu kimebadilika. Chaki haikai. Mguu nao umekuwa mzito, juzi alikuwa anasimama. Analala mchana wote.

Jumatano, 23 Aprili

Hata haya hasemi. Amechemka. Nimemgusa kichwa nikajua ubongo umevimba upya, wale walinzi wamerudi na fujo zao, na kila tulichojenga kinabomolewa. Mteja mmoja mama wa makamo, mwenye magoti mabovu, aliniambia kuna vidonge vya uvimbe, yeye anameza, uvimbe unazimika kama mshumaa. Nimekwenda duka la dawa la kona. Hawakuniuliza sana.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika yote, hata yanayoniaibisha.

Asubuhi nilisaga vidonge viwili kwa chupa, nikawa nachanganya kwenye uji. Wifi akaingia jikoni.

"Hicho nini?"

"Dawa."

"Nani kaandika?"

Nikaendelea kukoroga.

"Wifi, mimi nimepikia watoto wa watu miaka na miaka. Sijawahi kutia chunguni kitu nisichokijua."

Hapo nikafunguka. Nikamwambia alikuja bila kuitwa. Kwamba amegeuza karakana kuwa bweni, amechoma meza ya mume wangu, amenishonea mafundo kwenye mashati, na tangu aingie hakuna hata siku moja nimesikia mawazo yangu mwenyewe ndani ya nyumba yangu. Nikamwambia mdogo wake anakufa na yeye anajua kupiga kelele tu. Maneno yalitoka yote, hata ambayo sikujua ninayo.

Kengele hakulia. Alichukua bakuli la uji akalimwaga nje kwenye mvua, akachukua pakiti ya vidonge akaitia kwenye mkoba wake, akaenda kumvisha mdogo wake sweta. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sikuwahi kujua anayo, "Njoo unisaidie kumwinua."

Barabara ilikuwa maji matupu. Dereva wa teksi alitupeleka kwa mwendo wa mazishi, nami nilikuwa nimemshika Fundi kichwa mapajani, nasikia kifua chake kinavyokwaruza. Hata hapo sikuelewa nilichokuwa nasikia.

Daktari wa miwani alimsikiliza mgongoni, akaagiza picha na damu. Tulikaa kwenye benchi lile lile. Alipotoka akasema, "Ubongo haujavimba. Ni kifua. Amepata maambukizi kwenye mapafu."

"Na mkono? Mkono ulikuwa umeanza!"

"Mwili ukiugua, udhaifu ulioachwa na kiharusi hujitokeza tena hata kama ulikuwa umepungua. Tukimaliza maambukizi, nategemea atarudi pale alipokuwa. Watu wa kiharusi kinga yao mara nyingi hulegea, na kumeza kwao kunapotea njia, kwa hiyo mapafu yanaingiliwa kirahisi. Mmefanya vizuri kumleta leo."

Wifi akafungua mkoba. Akaiweka ile pakiti mkononi mwa daktari. "Na hivi, daktari, tulikuwa tunauliza. Tungempa?"

Daktari akasoma, akakunja uso. "Hapana, mama zangu. Hivi vinailaza kinga. Sasa hivi walinzi wake wanapigana kifuani. Mngewalaza katikati ya vita."

Tulikuwa tunauliza. Alisema tulikuwa, si alikuwa. Daktari alipoondoka nilimwambia wifi asante. Nikasema yale ya asubuhi nisamehe. Wifi akajifuta mvua usoni na ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Mimi naogopa tangu siku niliyofika," akasema. "Nikinyamaza naisikia hofu. Ndiyo maana sinyamazi."

Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini mafundo yangu yameshika kuliko ya kwako, ukweli usemwe."

Jumatatu, 28 Aprili

Homa imekwisha. Amesema haya kwa muuguzi, ile ya kulalamikia chakula.

Alhamisi, 1 Mei

Nyumbani tena. Sasa anakunywa ameketi wima, taratibu, uji mzito kwanza, maji baadaye, kama tulivyofundishwa. Wifi anasimamia kila funda kama askari wa lango.

Jumapili, 4 Mei

Gumba na shahada vimegusana. Vimerudi pale pale vilipokuwa, kama daktari alivyosema. Nimekwenda uani nikasimama kwenye mvua, sikuwa na sababu nyingine.

Jumatano, 7 Mei

Namtazama wifi asubuhi hii. Anafagia vipande vya uzi chini ya cherehani, kila kipande, mpaka kwenye kona ambako mimi sijafika tangu mwaka juzi. Nimewafikiria walinzi wa daktari, nikacheka peke yangu. Aliingia humu na kishindo, akavunja kila mpango. Labda hakubadilika yeye, nimebadilika mimi. Sijui. Daktari naye alisema hajui.

Ila sufuria bado anaiweka mezani. Siku hizi anatanguliza gazeti.

Jumatatu, 12 Mei

Vidole vitatu. Bwana Tena ameleta nafaka za kuokota moja moja. Fundi ameziangalia kwa dharau, amenyoosha kidole cha kushoto kwenye kopo la vifungo. Sasa anaokota vifungo. Vikubwa.

Jumapili, 18 Mei

Mwanetu kapiga simu kutoka kazini kwake mbali. Fundi akasema, "Haya," kisha akatulia, akahangaika, jasho likamtoka, akasema, "Mwa...nangu." Upande wa pili mwanetu akasema, "Sema tena, baba."

Jumanne, 20 Mei

Mvua inachoka. Nimekata sketi mbili na gauni. Sijakosea. Fundi hanisifu, lakini hafumbi tena macho nikikata.

Jumatatu, 26 Mei

Saa za mfuko zilikuwa hazijaisha. Alikaa mlangoni anatazama watu wanavyoruka madimbwi. Nilikuwa napiga pasi, nikaona bega la kulia linafanya kazi. Kidole gumba kilikuwa kinasukuma kile kifungo kikubwa, kinateleza, kinasukuma. Nikainuka. Wifi akanikamata gauni kwa nyuma akanikalisha kama mtoto wa bweni.

Kifungo kikapita tundu. Akautoa mkono wa kushoto, akauvua ule mfuko, akaniletea, anachechemea na fimbo aliyopewa na Bwana Tena, akauweka juu ya pasi yangu ya moto. Bitana imeungua. Nafikiri alikusudia.

Jumapili, 1 Juni

Jua mchana wote. Nimeanika kila kitu, hata sisi wenyewe.

Alhamisi, 5 Juni

Bwana Tena anasema mkono umerudi karibu nusu, na kwamba mwendo utapungua kasi sasa lakini hautasimama tukiendelea. Nilimuuliza nini tofauti ya nusu na mzima. Akasema, "Mama, hiyo atakwambia mwenyewe." Kukata je? Akakuna kichwa. Hilo hakuna anayelijua bado. Nimeshazoea.

Jumanne, 10 Juni

Wiki iliyopita karani wa mahakama aliniletea kitambaa cha koti. Koti! Nilitaka kumrudisha, wifi akajibu kwa niaba yangu kwamba litakuwa tayari Jumatano. Nimelikata mwenyewe, nimelishona mwenyewe, na jana jioni nimelitundika kwenye mwili wa mbao ule tunaopimia. Lilipendeza. Wifi alizunguka akitoa sauti za harusini.

Leo baada ya chakula cha mchana Fundi akainuka kitandani, akaenda mpaka kwenye koti. Hakushika fimbo, alishika ukingo wa meza. Akalitazama mbele, akaenda nyuma. Akapitisha kidole cha kushoto kwenye bega, kwenye mkono, chini mpaka pindo, juu mpaka kola. Kwenye kola kidole kikasimama.

"Haya," akasema.

Ile ya hapana.

"Haya nini? Kola iko sawa."

"Fu...mua."

Wifi akaacha kuosha vyombo.

"Sifumui," nikasema. "Mtu anakuja kesho asubuhi. Wewe ulikuwa umelala nikihangaika na kola hiyo siku mbili, umeamka leo unaniambia fumua? Kola iko sawa!"

Hakubishana. Alivuta kiti, akalishusha koti kutoka kwenye ule mwili wa mbao kwa mkono wa kushoto, akalilaza mapajani. Kisha mkono wake wa kulia ukaenda mezani, ukapita chaki, ukapita futi, ukaokota wembe wa kufumulia. Hakuna aliyemwambia. Bwana Tena hakuwepo, mfuko haukuwepo, hakuna aliyesema mkono huo hapo. Uliondoka wenyewe kwa sababu kulikuwa na kazi.

Wembe ulitetemeka. Aliuegesha kwenye uzi wa kwanza, ukateleza. Akauegesha tena. Uzi ukakatika. Akavuta, akatafuta wa pili. Ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama anavyofanya siku zote akiwa na kazi nyembamba. Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu yote miwili. Wifi alikuja akasimama nyuma yangu, sahani inachuruzika povu sakafuni, akaninong'oneza sikioni. Yeye, Kengele, akanong'ona. "Usimguse."

Sikumgusa. Nyuzi za kola ni nyingi. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani, naye alikuwa bado upande mmoja. Safari moja wembe ulichuna kitambaa, akalaani kwa neno ambalo sikujua limerudi. Alipomaliza akaitenga kola kutoka kwenye koti, akaipiga kofi kuondoa nyuzi, akanipa, kwa mkono wa kulia, akaniangalia usoni akisubiri.

Nikaipokea. Nikawasha taa ya cherehani, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri, nikaanza upya.

Kola ilikuwa imepinda kweli. Nililijua hilo tangu jana, nikadhani hakuna tena wa kuliona.